Mtambo kwanza, maoni baadaye: kisa cha DMS na simu feki Kenya

Tarehe 31 Januari 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliziandikia barua kampuni tatu za simu, Safaricom, Airtel na Telkom (Telkom wakati huo bado walikuwa wanauza laini kwa jina la Orange). Kwa kifupi barua ilikuwa inasema hivi: kuna mtambo unaitwa DMS wa kusimamia vifaa vinavyoingia kwenye mitandao yenu, kuna kampuni imeshapewa kazi ya kuuweka, mafundi wake watakuja kwenye vituo vyenu kuangalia vile utaunganishwa, basi wapeni ushirikiano. Kazi ya mtambo ni kutambua simu feki, zilizoibwa na zile hazijaidhinishwa, halafu zifungiwe nje.

Mwenye simu hakupewa nakala ya hiyo barua. Na hapo ndipo kisa chote kimelala. Ukisikia watu wakibishana kuhusu DMS utadhani ni ugomvi wa teknolojia, wengine watakuambia ni ugomvi wa ujasusi, lakini mimi nikisoma vile kesi ilivyopanda kutoka Mahakama Kuu hadi ya Juu naona zaidi ni ugomvi wa ratiba, yaani watu unawaomba maoni saa ngapi, kabla hujatoa tenda ama ukishatoa, na ukisema "watu" unamaanisha akina nani hasa.

Turudi nyuma kidogo ndio ieleweke kwa nini mamlaka iliona inahitaji mtambo. Wenye walikuwa na simu 2012 watakumbuka. Soko lilikuwa limejaa zile za mchina, laini mbili hadi nne, spika inasikika ploti ya pili, zingine na antena ya kuvuta ya TV, bei ukilinganisha na Nokia yenyewe ni kama umepewa bure. Zingine zilikuwa zimeandikwa Nokla, hata aibu hawakuona. Mdhibiti, yaani mamlaka hii hii, wakati huo akiitwa CCK, akatangaza mwisho ni 30 Septemba 2012. Unabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 ndiyo IMEI ya simu yako, unazituma kwa SMS kwenda 1555, unajibiwa kama kifaa ni halali. Siku ilipofika simu karibu milioni 1.9 zikazimwa. Kulikuwa na kelele, ndiyo, lakini kusema ukweli ilipita, watu wakanunua zingine na maisha yakaendelea.

Kwa nini 2012 ilikuwa rahisi? Kwa sababu feki za wakati huo zilikuwa na IMEI za ovyo, zingine sifuri tupu, zingine namba ambazo hazipo kwenye orodha yoyote duniani. IMEI halisi ina mpangilio wake, tarakimu nane za kwanza zinasema ni modeli gani ya kampuni gani, sita zinazofuata ni za kifaa chenyewe, ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Kampuni ya simu inaangalia orodha, haioni hiyo namba, inazima. Kwisha.

Watengenezaji wa feki nao si wajinga. Baada ya hapo wakaanza kunakili IMEI ya simu halali na kuipiga chapa kwenye feki nyingi tu. Ukienda Luthuli Avenue pale Nairobi kununua simu, muuzaji mwenyewe anakubonyezea *#06#, anaweka simu kando ya boksi, unalinganisha tarakimu na stika, zinafanana moja kwa moja, unalipa ukiwa na amani. Zinafanana kwa sababu boksi nalo limechapishwa na huyo huyo. Kwenye mtandao hiyo namba ni halali kabisa, shida tu ni kwamba wakati huo huo iko Kisumu, Garissa, Mombasa na Nakuru.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa magumu na ndipo ningependa watu wakae kidogo, kwa sababu mjadala wa magazeti ulipita hapa mbio sana. Ukiona IMEI moja iko kwenye simu mia tano, utazima gani? Ukizima IMEI yenyewe umezima na yule mmoja aliyenunua simu yake halali kwa pesa yake. Kwa hivyo mtambo unahitaji kujua kitu kingine zaidi ya IMEI, unahitaji kujua laini gani iko ndani ya simu gani, ndio uweze kusema hii IMEI ikiwa na laini hii iache, ikiwa na hizi zingine zote izime. Hiyo ni namba ya ndani ya laini inayoitwa IMSI, pamoja na namba ya simu yenyewe. Kiufundi hoja hiyo ya mamlaka ilikuwa na mantiki, sitaki kujifanya haikuwa nayo.

Lakini angalia imetufikisha wapi. Tulianza na namba ya kifaa, kitu kisicho na jina. Tumefika mahali kuna kanzidata nje ya kampuni za simu yenye kifaa, laini na namba, na Kenya laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hivyo namba ni jina. Halafu juu ya hapo kukaja swali la rekodi za simu, zile za nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Mamlaka ilisema hapana, mtambo hausikilizi simu na hausomi SMS za mtu. Upande mwingine ulikuwa na hofu kwamba waya ukishaingia ndani ya mtandao unaweza kufika popote, na mwenye kuushika hatakuwa kampuni ya simu.

Mimi hofu hiyo siioni kama porojo, na sababu yangu ni SIM box. Kwa asiyejua, SIM box ni kifaa kinachobeba laini nyingi, simu inatoka ng'ambo inapitishwa kwa intaneti hadi kwenye hilo boksi, halafu inakupigia kama simu ya hapa hapa nchini, hivyo ada ya simu ya kimataifa inayeyuka. Ndiyo zile simu ndugu yako anapiga kutoka Saudia lakini kwa skrini unaona namba ya 07. Kushika SIM box ilitajwa kati ya faida za DMS, na sasa jiulize, laini ya SIM box unaitambuaje? Si kwa IMEI peke yake. Unaitambua kwa tabia, inapiga simu mia kwa siku na haipokei hata moja, haitoki kwenye mnara mmoja, haitumi SMS. Hiyo tabia iko wapi? Iko kwenye rekodi za simu. Kwa hivyo huwezi kusema mtambo utashika SIM box na papo hapo useme mtambo hauna haja na rekodi. Kimoja kati ya hivyo viwili kilihitaji kuondolewa kwenye meza, na hilo ni jambo dogo la kuandika kwenye karatasi, sentensi moja tu, ambayo kama rasimu ingewekwa wazi mtu yeyote mwenye kuelewa mitandao angeiulizia ndani ya wiki ya kwanza.

Na kulikuwa na njia nyingine. Kila kampuni ya simu ina, ama inaweza kuwa na, rejista yake ya vifaa, inaitwa EIR, ambayo kazi yake ni hii hii ya kuangalia IMEI na kufungia nje. Mamlaka ingeweza kubaki na orodha kuu, nyeupe ya simu zinazoruhusiwa na nyeusi ya zinazofungiwa, ikazisambazia kampuni, nazo zikazima zenyewe bila waya wa serikali kuingia ndani. Kuna gharama yake, kuna ubishi wa nani anamwamini nani kwamba kweli amezima, kwa sababu kampuni haipendi kumzima mteja anayenunua bando kila siku. Huo ndio mjadala ambao ungefaa kufanyika hadharani: njia mbili, hii inaleta hiki, ile inaleta kile, chagueni. Badala yake mjadala ulianza na barua ya mafundi wanakuja.

Februari 2017 habari ikafika magazetini, na unajua 2017 ulikuwa mwaka gani. Uchaguzi mkuu Agosti. Serikali inataka kuweka mtambo kwenye mitandao yote miezi sita kabla ya kura, ukiwa mwananchi wa kawaida utaelewa nini? Hata kama nia ilikuwa safi kama maji ya mvua, wakati ulikuwa mbaya. Okiya Omtatah, ambaye siku hizi ni seneta wa Busia lakini wakati huo alijulikana kama yule mtu wa kwenda kortini, akaenda kortini. Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akatoa hukumu Aprili 2018: DMS ilivyokuwa imepangwa inakiuka haki ya faragha ya kifungu cha 31 cha katiba, na umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Mtambo ukazuiwa.

Wakati huo mamlaka ilikuwa imejibu nini kuhusu kushirikisha? Jibu lake, na hili ndilo naona ni kiini, lilikuwa kwamba vikao vilishafanyika. Na vilifanyika kweli. Kampuni za simu ziliitwa tangu 2016, mashirika ya serikali yanayohusika na bidhaa feki na ushuru yakawepo mezani. Kwa lugha ya ofisi hao wanaitwa wadau. Ukisoma taarifa za sekta hii utaona neno wadau kila mahali, wadau wamekubaliana, wadau wamehusishwa, na ukichunguza orodha ya waliohudhuria ni wenye leseni na wenye kutoa leseni. Mwenye simu yumo kama kitu cha kujadiliwa, si kama mtu wa kujadili.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mtu wa mamlaka angeniuliza, haya, tukiita baraza pale Kamukunji kuhusu namba za IMEI nani atakuja? Na ni swali la haki. Tangazo la gazeti la kuomba maoni kuhusu kanuni za mawasiliano kawaida linajibiwa na mawakili wa kampuni, mashirika machache ya haki, na labda mwanafunzi mmoja wa sheria. Rasimu yenyewe ni Kiingereza cha vifungu, na Kiswahili ambacho katiba inasema ni lugha ya taifa na pia rasmi hukioni, halafu watu wakikosa kujibu inaandikwa umma ulipewa nafasi.

Lakini tusidanganyane kwamba umma hauna la kusema kuhusu mtambo kama huo. Fundi wa simu analo. Simu ikiharibika bodi, fundi anatoa bodi ya simu nyingine iliyovunjika kioo anaihamishia, na IMEI inaishi kwenye bodi, kwa hivyo mteja anatoka dukani na kava ile ile na namba tofauti na ya boksi. Kwa mtambo huyo ni nani, mwizi? Mama anayenunua simu ya mtumba analo la kusema. Dada anayefanya kazi Dubai au Riyadh anayeleta simu tatu za kugawia wadogo zake analo. Aliyechukua simu kwa lipa mdogo mdogo, analipa kila siku, halafu ikizimwa katikati deni linabaki la nani? Nyumba ambayo simu ni moja, laini ni nne, kila mtu na laini yake anaweka akihitaji kutuma M-Pesa anatoa, mtambo unaofunga IMEI na laini utamsoma vipi huyo? Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii. Na hakuna hata moja ambalo kampuni ya simu ingelileta mezani yenyewe, kwa sababu si shida yake.

Sheria zenyewe hazikuwa na giza. Kifungu cha 10 cha katiba kinataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Sheria ya vyombo vya kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni awe ameshauriana na watakaoguswa kabla ya kuzitunga. Sheria ya hatua za haki za kiutawala ya 2015 inasema uamuzi unaogusa umma utangazwe, maoni yaombwe na yazingatiwe. Ila hapo ndipo kuna ujanja, sijui kama ulikusudiwa: DMS haikuja kama kanuni. Ilikuja kama manunuzi na barua. Ukitunga kanuni unapitia mlango mrefu, rasimu, maoni, bunge. Ukinunua mtambo unapitia mlango wa tenda, na tenda haiulizi mwananchi kitu, inauliza bei.

Tanzania nayo niiguse kidogo. Wao walizima feki usiku wa 16 Juni 2016, watu walikuwa wakituma IMEI kwa 15090 kuhakiki. Sisemi kule kila kitu kilikuwa sawa, kulikuwa na wenye waliamka asubuhi simu imekufa wakalia. Tofauti ni kwamba rejista kuu ya namba za vifaa ilikuwa imeandikwa kwenye sheria yao ya mawasiliano ya 2010, miaka kabla ya zoezi, na tangazo lilitoka Desemba 2015 hivyo watu wakapata kama miezi sita. Unaweza kuichukia hiyo sheria lakini ipo, unaweza kuionyesha kwa kidole ukasema hapa ndipo mnapokosea. Barua ya 31 Januari huwezi kuipinga bungeni.

Kesi haikuishia kwa Jaji Mativo. Mamlaka ikakata rufaa, na Aprili 2020, nchi ikiwa imefungiwa na korona hata hakuna aliyekuwa anafuatilia, Mahakama ya Rufaa ikageuza hukumu. Kwamba walioshtaki walikimbia kortini mapema, mazungumzo kati ya mamlaka na kampuni yalikuwa bado yanaendelea, hofu ya kusikilizwa simu haikuthibitishwa. Ikaielekeza mamlaka iendelee na mashauriano na ikamilishe miongozo kabla ya kuufunga mtambo, na katika kuiandaa ifuate matakwa ya kushirikisha umma. Chama cha Wanasheria kikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 rufaa yake ikakataliwa.

Kwa hivyo kwenye karatasi mamlaka ilishinda. Wengi walioandika siku hiyo waliandika kwamba serikali imeruhusiwa kupeleleza simu, na mimi nadhani hawakusoma vizuri. Ushindi wa Mahakama ya Rufaa ulikuwa na sharti ndani yake, nendeni mkamalizie kuongea kwanza.

Kuna mahali sikubaliani na kila upande. Kwa Mahakama Kuu, naona ilikuwa sahihi kabisa kwenye kushirikisha umma lakini iliuchukulia mtambo kama kifaa cha upelelezi haraka mno, wakati swali la kiufundi, la data ipi na inaishia wapi, lilikuwa bado halijafunguliwa na mtu mwenye kuelewa, na kwa sababu hiyo hukumu ikawa rahisi kupigwa huko juu. Kwa Mahakama ya Rufaa shida yangu ni hilo neno mapema. Mapema kwa nani? Kampuni ya kuweka mtambo ilikuwa imeshapatikana. Mkataba ukishasainiwa kila maoni yatakayokuja baadaye yanapimwa kwa kigezo kimoja tu, je yatavunja mkataba? Ukisema tuachane na rekodi za simu unaambiwa mtambo tulionunua umekuja na hiyo sehemu. Ukisema tutumie EIR za kampuni unaambiwa pesa imeshatoka. Ni kama fundi akuulize unataka nyumba ya vyumba vingapi akiwa tayari anaezeka. Kwa hivyo kama kuja kortini baada ya tenda na kabla ya mafundi ni mapema, sijui saa nzuri ingekuwa gani, maana ukingoja mtambo uwake utaambiwa umechelewa.

Na cha kushangaza ni kwamba kipimo cha kushirikisha umma kilikuwa kimeshawekwa na Mahakama ya Juu yenyewe, Novemba 2019, kwenye kesi ya kampuni ya sigara ya BAT kuhusu kanuni za tumbaku. Pale ilisema kushirikisha umma kuwe kwa kweli, si kwa maonyesho, mada ieleweke, utaratibu uwe wazi na rahisi, watu wapewe muda unaofaa na wawe na uwezo wa kushiriki, ikiwemo kuelimishwa kwanza. Hilo la kuelimishwa kwanza mimi nalipenda sana kwa mambo ya simu. Huwezi kuniomba maoni kuhusu IMSI kabla hujaniambia IMSI ni nini. Chukua hivyo vipimo uvirudishe 2017 halafu uweke vikao vya wadau kando yake. Mada ilikuwa wazi? Kwa wahandisi wa kampuni, ndiyo. Muda? Mwenye simu alijua kutoka gazetini. Elimu? Kichwa cha habari.

Kitu kingine kilichobadilika katikati ya safari na watu wanakisahau ni sheria ya ulinzi wa data, ambayo ilisainiwa Novemba 2019. Wakati wa barua ya 2017 haikuwepo, kwa hivyo hata ukitaka kuuliza data inakaa muda gani, nani anaiona, ikivuja nani anawajibika, hukuwa na sheria ya kushika mkononi. Rufaa ilipoamuliwa 2020 hiyo sheria ilikuwepo. Ungetegemea raundi ijayo ianzie hapo.

Raundi ijayo ilikuja tarehe 24 Oktoba 2024. Safari hii haikuwa barua kwa kampuni tatu, ilikuwa tangazo kwa umma, kwa hivyo tuseme kuna hatua. Lakini tangazo lilikuwa linasema nini? Kuanzia 1 Januari 2025 simu inayoingia nchini au kuunganishwa hapa IMEI yake iwekwe kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya ushuru, wauzaji wauze tu zilizolipiwa ushuru, kampuni za simu ziunganishe tu zile ziko kwenye orodha nyeupe. Simu zilizokuwa hewani kufikia mwisho wa Oktoba hazikuguswa. Siku chache baadaye KRA nayo ikatoa lake, na ndani yake msafiri alitakiwa aandike IMEI ya simu yake kwenye fomu ya abiria anapoingia nchini. Yule dada wa Riyadh tuliyemtaja, huyo sasa amefikiwa moja kwa moja, na hajaulizwa bado.

Angalia pia vile sababu imehama. 2012 ilikuwa feki. 2017 ilikuwa feki, wizi na SIM box. 2024 ikawa ushuru. Mtambo ni ule ule kwa umbo, orodha kuu ya simu zote nchini inayofunga na kufungua, ila kila mara unaletwa na sababu mpya, na mimi naona hiyo peke yake ilitosha kuwafanya waitishe maoni upya, kwa sababu mtu anaweza kukubali simu yake iandikishwe ili mwizi asiiuze lakini asikubali ili mtoza ushuru ajue ameibadilisha lini.

Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, wakaenda kortini. Julai 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akayafuta matangazo yote mawili, kukosa msingi wa sheria na kuingilia faragha. Ukisoma habari za siku hiyo unaweza kudhani umefungua gazeti la 2018, majina tu ndiyo yamebadilika. Mamlaka ilikuwa na hukumu ya rufaa ya 2020 mkononi, imeambiwa wazi imalize miongozo na ishirikishe umma, ikawa na miaka minne na sheria ya data, halafu ikatokea na tangazo lenye tarehe ya kuanza ndani yake.

Watu wa ndani ya sekta huwa wanalalamika kwamba kushirikisha umma kunachelewesha kazi. Haya, hesabu. Kutoka barua ya Januari 2017 hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu Aprili 2023 ni miaka sita na zaidi, na 2025 tukawa tumerudi Mahakama Kuu. Rasimu ya kurasa chache kwa lugha mbili, siku 60 za maoni, vikao Nairobi, Mombasa, Eldoret na Kisumu na mafundi wa simu wakaitwa kwa jina lao la mafundi, ingekula mwaka mmoja ukiwa mvivu.

Raundi ya tatu itakuwepo, sina shaka, kwa sababu simu za kopi bado zinauzwa na serikali bado inatafuta ushuru. Rasimu ikitoka neno faragha litakuwa kwenye kila ukurasa, kwa hivyo sitahangaika kulitafuta. Nitaangalia kama tenda imeshatangazwa. Nitaangalia kama orodha ya data inazitaja rekodi za simu, iwe kwa kuziruhusu ama kwa kuzikataza, mradi zimetajwa. Na nitatafuta kile kifungu cha mtu ambaye simu yake imezimwa kimakosa Ijumaa jioni akiwa Lodwar, kwamba anaenda ofisi gani, anabeba nini, na inachukua siku ngapi kurudishwa hewani.